Majivuno ya Nani, Ubatili wa Nani: Laini ya Umeme kutoka Inga hadi Kolwezi

Neno la Kiingereza vanity limebeba mizigo miwili: majivuno ya mtu na ubatili wa kazi yake. Waliotafsiri kitabu cha Mhubiri kwa Kiswahili walichukua ubatili, majivuno wakayaacha. Katika maandishi ya uchumi wa Afrika mizigo hiyo imefungwa kamba moja. Mradi mkubwa wa miaka ya 1970 ukishaitwa kwa neno hilo, kesi imefungwa: mtawala alijivuna, kwa hiyo fedha zilipotea bure. Hapo kwenye “kwa hiyo” ndipo ninapokataa. Majivuno ni shtaka juu ya nia, ubatili ni shtaka juu ya matokeo, na kila moja linadai ushahidi wake. Kesi ya kulipimia hilo iko Kolwezi, mwisho wa waya wa Mobutu, mtawala wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Laini ya Inga–Shaba ilikamilika mwaka 1982. Ina urefu wa takriban kilomita 1,700, kutoka mabwawa ya Inga, karibu na mahali Mto Kongo unapoingia baharini, hadi kituo cha kubadilishia umeme cha Kolwezi. Ilipowashwa hapakuwa na laini ndefu kuliko hiyo duniani. Iliyoijenga ni kampuni ya Kimarekani ya Morrison-Knudsen, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Benki ya Export-Import ya Marekani, kwa mkopo ambao raia wa Zaire walibaki nao mabegani.

Kwamba palikuwa na majivuno, sidhani kuna wa kubisha. Ukanda wa shaba ulikuwa na umeme wake kabla Mobutu hajatawala. Kampuni ya migodi ya Kibelgiji, Union Minière, ilijenga bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, na katika miaka ya 1950 ikaongeza Nzilo na Nseke juu ya Mto Lualaba wenyewe, jirani na Kolwezi. Maporomoko ya mto huo hayakuwa yamekwisha: bwawa la Busanga, megawati 240, limejengwa na kampuni ya migodi ya Sicomines hapo hapo Lualaba miaka ya karibuni. Kwa nini basi umeme ufuatwe upande wa pili wa nchi?

Jibu limo katika tarehe 11 Julai 1960, siku mwanasiasa Moïse Tshombe alipolitangaza Katanga, jimbo la Kolwezi na shaba yake, kuwa nchi. Uasi ule ulizimwa Januari 1963, lakini hofu ilibaki Kinshasa. Jina la Katanga likafutwa, jimbo likaitwa Shaba. Crawford Young na Thomas Turner, waliochambua kupanda na kuporomoka kwa dola ya Zaire katika kitabu chao cha 1985, ni miongoni mwa waliouchunguza mradi huu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mtawala alitaka swichi ya migodi iwe mkononi mwake, mbali na mikono ya Wakatanga.

Maelezo hayo ninayakubali kwa nusu tu. Waasi wa Katanga walipovuka mpaka mwaka 1977, na tena Mei 1978 walipoiteka Kolwezi, laini haikuwa imekwisha. Walioliokoa jimbo ni askari wa Morocco mara ya kwanza, na mara ya pili askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji. Hata kama ingekuwa tayari, kuizimia umeme Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kungekuwa kujipalia makaa, kwa kuwa shaba ndiyo iliyoilisha hazina ya serikali. Swichi isiyoweza kuzimwa ni pambo la ofisini.

Ubatili ni kesi nyingine, na hapa tarehe ya kuhukumu ina uzito. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji wa kampuni nzima ulikuwa chini ya tani 50,000. Mradi wa mgodi wa Tenke-Fungurume, uliotarajiwa kuunyonya umeme wa Inga, ulikuwa umesimamishwa tangu 1976. Mwanahistoria wa mwaka 1995 angeandika “bure kabisa” na asikosolewe na mtu. Leo migodi ya jimbo la Lualaba, lenye Kolwezi, inalia njaa ya umeme. Wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, wamegharimia ukarabati wa mtambo namba tano wa Inga II, megawati 178, ili umeme wake uwafikie kwa laini ile ile. Linganisha na kiwanda cha chuma cha Maluku, kilichojengwa kuchoma umeme huo huo wa Inga: kilipewa uwezo wa tani 250,000 kwa mwaka, hakikuwahi kuukaribia, na hakikupata mtu wa kukifufua. Majivuno ni yale yale; matokeo hayafanani.

Ubatili, basi, upo, ila una wenyewe. Umeme wa laini hiyo husafiri kwa mkondo wa upande mmoja, usiopanda na kushuka kama ule wa majumbani, kwa sababu njia hiyo hupunguza upotevu kwenye safari ndefu. Gharama yake ni kwamba huwezi kuudokoa katikati. Ukitaka kuushusha Kwilu au Kasai lazima ujenge kituo kizima cha kuubadilisha, na wahandisi waliagizwa vituo viwili tu, kimoja Inga na kimoja Kolwezi. Vijiji vilivyo chini ya waya vikabaki gizani. Wenyeji walijipatia faida kwa njia yao: walifungua vyuma vya pembe vya minara wakavifanya vyombo vya nyumbani. SNEL, shirika la umeme, huita wizi, na kisheria ndivyo. Mimi naona ndiyo gawio pekee walilowahi kupata.

Mwisho wa waya nako si salama. Mtaa wa Manika uko mjini Kolwezi, lakini umeme, au kuran kama wanavyouita, ukikatika jioni, mama huwasha mbabula, jiko la mkaa, hupuliza makala na kusonga bukari, ugali wa huko, huku taa za migodi zikiwaka ng’ambo ya pili.

Mwaka 2013 Kongo na Afrika Kusini zilitia saini mkataba unaoipa Afrika Kusini megawati 2,500 za Inga, kwa njia inayotazamiwa kupita Kolwezi kuelekea Zambia. Wanaoupinga wameshaanza kuuita majivuno. Shtaka hilo ni jepesi, na halitamnyima usingizi waziri yeyote. Gumu zaidi ni kudai michoro ioneshe vituo vya kushushia umeme vitajengwa wapi, kati ya Inga na mpaka, na mkopo wa kuvijenga umeandikwa kwa jina la nani.