Kumwagilia au Kusuuza? Historia ya Istilahi Moja ya Tiba

Mfasiri wa vitabu vya tiba akutanapo na habari za kutia dawa ya kuulia vijidudu kifuani ili kuondoa usaha uliozunguka pafu, upesi huandika "umwagiliaji". Katika kilimo neno hilo ni sahihi. Lakini mkulima wa Kingolwira, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Uluguru, akilisikia hufikiri mfereji na bustani: maji huingia, udongo ukayanywa, kazi ikaisha. Je, ndivyo itendekavyo kifuani?

Historia yatujibu. Usaha huo hukaa kati ya tando mbili, mmoja wa pafu na mmoja wa ukuta wa kifua. Tangu zama za Hippocrates, Wayunani walipasua kifua ili kuutoa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mfaransa Alexis Carrel na mkemia Mwingereza Henry Dakin waliosha vidonda vya askari kwa maji ya hipokloriti ya sodiamu, kiasi cha asilimia 0.5, wakirudia mara kwa mara. Njia hiyo ilitumika pia kifuani. Mwaka 1918 usaha wa kifua ulipowaua askari wengi kambini Marekani, tume aliyokuwamo Evarts Graham ilionyesha kuwa kufungua kifua mapema ni hatari, kwani hewa huingia na pafu likanywea. Ilishauri usaha utolewe bila kuruhusu hewa, uwazi uliobaki usafishwe upesi, na mgonjwa alishwe vyema. Vifo vilipungua kutoka wastani wa asilimia 30 hadi chini ya 5. Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, uoshaji huo ulipungua, ingawa haukutoweka.

Katika historia hiyo yote, jambo moja halikubadilika: kilichoingizwa sharti kitoke. Muuguzi hupima kiingiacho na kitokacho. Tena, pafu likiwa limetoboka, maji hupenya katika njia ya hewa na kumpalia mgonjwa. "Umwagiliaji" hauonyi lolote kati ya hayo. Msomaji aweza kudhani dawa huachwa humo ifyonzwe.

Kwa hiyo twapendekeza "usuuzaji wa kifua". Asuuzaye kibuyu hutia maji, akatikisa, akamwaga yote. Neno hili tunalo jikoni tangu zamani, na hatuna haja ya kuazima la shambani. Istilahi ya tiba haitoshi ieleweke tu. Yafaa pia imlinde mgonjwa.