Jiko Lisilo na Mwenyewe

Jiko ninalouza Gikomba halina jina la kampuni wala namba ya kiwandani. Lina bati la pipa lililonyooshwa kwa nyundo, kiuno chembamba, miguu mitatu, mlango mdogo wa kutolea majivu, na ndani yake udongo mwekundu uliochomwa tanuuni. Wataalamu huliita Kenya Ceramic Jiko. Hapa sokoni ni jiko la udongo, basi. Wateja wangu vijana hudhani lilikuwepo tangu enzi za mababu, kumbe mama yangu, aliyekuwa na kibanda hiki kabla yangu, alikuwa mtu mzima mwenye watoto lilipoanza kuonekana Nairobi.

Yeye alianza na jiko la bati tupu. Wanaosimulia historia ya jiko hilo hulirudisha kwa mafundi wa Kihindi wa wakati wa reli, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Mafundi wetu waliliiga, wakalifua kwa mapipa ya mafuta yaliyotupwa, na likawa ndilo jiko la mjini. Tulilipikia nyumbani. Ubavu wake ulikuwa ukiiva mwekundu jioni, ukipita karibu unaungua muundi. Ugali ulipofika wakati wa kusongwa, dada yangu mkubwa alikanyaga mguu wa jiko kwa kiatu cha zamani ili lisicheze. Moto mwingi uliishia kwenye miguu yetu na kwenye kuta. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba katika jiko la namna ile ni asilimia 10 hadi 20 tu ya joto inayofika kwenye sufuria.

Miaka ya 1970 mafuta ya petroli yalipanda bei duniani, na serikali zikaanza kutazama kuni na makaa kwa jicho jingine. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkubwa wa nishati mpya na jadidifu hapa hapa Nairobi. Wakati huo huo fedha za Wamarekani zilikuwa zikipitia Wizara ya Nishati kwa mradi wa majiko na miti. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Maxwell Kinyanjui, na jina lake ndilo linalotajwa zaidi katika habari za jiko hili.

Mfano waliouchukua ulitoka Thailand. Kule watu walikuwa wakipikia jiko la ndoo: ndoo ya bati, ndani yake chungu kinene cha udongo chenye sakafu ya matundu, na katikati ya bati na udongo hujazwa majivu ya makapi ya mpunga ili joto lisipenye. Ni jiko zuri kwa mtu anayechemsha wali na kukaanga mboga. Lakini ndoo ni pana juu na nyembamba chini, na ugali haupikwi kwa upole. Anayesonga huegemeza mwili mzima kwenye mwiko. Chombo chenye kitako chembamba kingemwaga chakula cha jioni siku ya kwanza tu.

Hapo ndipo kiuno kilipozaliwa. Jiko likapanuliwa juu na chini, likabanwa katikati, na udongo ukawekwa nusu ya juu peke yake. Nikilieleza hili wateja hudhani ni ujanja wa kupunguza gharama, kumbe ni akili tupu. Makaa yanawaka juu ya sakafu ya matundu; chini yake hakuna kitu isipokuwa hewa inayoingia na majivu yanayoshuka. Udongo wa chini ungeongeza uzito na kupasuka bure. Udongo wa juu hushikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kutoka. Kiasi cha joto kinachofika kwenye sufuria kikapanda hadi asilimia 25 na hata 40.

Ripoti nyingi huishia hapo, kana kwamba mchoro ulitoka ofisini ukajipeleka wenyewe jikoni kwa watu. Mimi naona mambo yalianza hapo. Jiko lile lilikuwa na sehemu mbili, na kila sehemu ilipata fundi wake. Fundi wa bati wa Shauri Moyo hakuhitaji tanuu wala kujua udongo. Alikuwa na nyundo, patasi, kipande cha reli cha kufulia na karatasi ngumu ya kupimia. Analipasua pipa, analinyoosha, anachora kwa msumari, anakata, anakunja ncha zishikane, kisha anatia ribiti. Mfinyanzi naye hakuhitaji mkasi. Anakanda udongo na mchanga, anaukandamiza kwenye kalibu ili vyote vitoke kipimo kimoja, anatoboa matundu ungali mbichi, anauacha ukauke kivulini, ndipo anaupeleka motoni. Wawili hawa wanaweza wasionane maisha yao yote. Wanakutana kwa muuzaji kama mimi, penye karai la saruji.

Na hakuna aliyeliwekea hataza. Yeyote mwenye pipa na nyundo aliruhusiwa, au tuseme hakukatazwa. Mwanzoni jiko moja liligharimu kama dola 15 za Marekani, fedha ambazo mama wa Pumwani hakuwa nazo. Mafundi walipolijua na kushindana, bei ikashuka hadi dola mbili tatu. Katikati ya miaka ya 1980 serikali nayo ilianza kuwatambua mafundi wa jua kali na kuwajengea vibanda Kamukunji, watu ambao awali walizoea kufukuzwa na askari wa jiji. Mwaka 1995 mtaalamu wa nishati, Daniel Kammen, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yanatumika Kenya, na kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Likavuka mipaka pia. Uganda, Tanzania na Rwanda wana yao. Ethiopia wakaliita Lakech, Ghana wakaliita Gyapa.

Ubaya wake umetoka mlango ule ule. Jiko lisilo na mwenyewe halina wa kulilinda. Kuna wanaotia mchanga kwenye saruji hadi ukisugua kwa kidole gumba inamwagika. Kuna wanaotoa udongo tanuuni kabla haujaiva kwa sababu kuni ni ghali. Ninaponunua udongo kutoka kwa wafinyanzi, kila mmoja naugonga kwa fundo la kidole. Ulioiva hulia, mbichi hutoa mgoto wa kufa, na wenye ufa usioonekana hutoa sauti mbili. Kisha nageuza nitazame matundu. Yakiwa madogo mno jiko litazimika lenyewe, yakiwa makubwa makaa yanadondoka kwenye majivu na mteja atarudi kunitukana.

Wengi hurudi kwa kosa lao wenyewe, lakini. Udongo uliochomwa unastahimili moto, haustahimili mshtuko. Jiko jipya nawaambia waliwashe kwanza kwa makaa machache, waliache nje usiku mmoja, kesho ndipo wapikie maharagwe. Maji ndiyo yanayoliua: mtu amemaliza kupika, anataka kuokoa makaa, anamwaga kikombe cha maji. Ufa unaanzia kwenye matundu, unapanda ukutani. Makaa huokolewa kwa kufunga mlango wa chini na kufunika juu kwa sufuria kuukuu. Majivu yatolewe kabla ya kuwasha, maana yakijaa chini hewa haipiti na mtu anabaki kupepea kwa kifuniko cha ndoo huku akinilaumu. Makaa makubwa yavunjwe nje, si ndani ya jiko. Na jambo moja nalisema hata asiponiuliza: asiingize jiko linalowaka chumbani akafunga dirisha akalala. Kila Julai baridi ikikaza, kuna watu hawaamki.

Mtu mmoja aliyekaa Marekani aliwahi kunionyesha picha ya jiko lake la huko, yai kubwa la kijani lenye kofia. Asili yake ni kamado ya Japani, ambayo Wamarekani waliipenda walipokuwa kule baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Big Green Egg ilianza kuziuza Atlanta mwaka 1974. Lile hufunikwa na kuoka nyama kutwa nzima kwa makaa kidogo. Bei yake sitaitaja hapa. Nilipomuuliza linavyotunzwa alinijibu maneno yangu mwenyewe: liwashwe polepole, lisimwagiwe maji, majivu yasijae. Udongo ni udongo.

Wale wa mradi walitarajia jiko liokoe miti. Kwa nyumba moja moja liliokoa kweli. Kammen alikadiria familia inaweza kupunguza kama kilo 600 za makaa kwa mwaka. Ila Nairobi iliendelea kujaa watu, na uchunguzi wa mwaka 2005 ulikuta Kenya inatumia tani milioni 1.6 za makaa kila mwaka. Mengi huchomwa kwenye matanuu ya udongo porini, Ukambani na kwingineko, ambako sehemu kubwa ya mti hupotea kabla gunia halijashonwa. Hasara hiyo jiko haliwezi kuirudisha, na sipendi linapobebeshwa lawama yake. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, makaa yalipanda hadi wanunuzi wa debe wakawa wanunuzi wa mkebe. Mwezi ule niliuza udongo mtupu zaidi kuliko majiko mazima. Watu waliokuwa wakivumilia nyufa walikuja na mabati yao ya zamani mkononi.

Siku hizi kuna majiko ya kiwandani yenye chapa na dhamana, na wengi wa wateja wangu wana gesi. Hawajaacha kuja. Gesi ni ya chai na mayai, wanasema. Githeri na nyama ya Jumapili zinataka makaa. Anayeniuliza kama anunue la kiwandani namwambia lile linakula makaa machache zaidi, hilo ni kweli, lakini aulize kwanza likipasuka nani atalishika. Langu likipasuka, fundi atang'oa udongo kwa patasi, atakoroga saruji, ataweka mwingine, na bati litaendelea mpaka kutu ilimalize miguu.