Ukarabati wa Land Rover chakavu

Ukarabati wa Land Rover chakavu ni kazi ya kuchukua gari aina ya Land Rover lililoharibika kwa ajali, kwa kutu au kwa kuachwa muda mrefu bila kutumika, na kulirudisha katika hali ya kufaa kwa njia mbaya: matope, mchanga, mawe, milima na vivuko vya mito. Gari la namna hiyo katika Kiswahili cha mitaani huitwa *mkweche*. Makala hii inahusu hasa magari ya Series I, II, IIA na III, yaliyotengenezwa Uingereza kati ya miaka 1948 na 1985, pamoja na warithi wake Land Rover 90, 110 na Defender.

Magari hayo hupendwa na mafundi kwa sababu sehemu zake nyingi zimefungwa kwa boliti na zinaweza kubadilishwa moja moja. Hata hivyo sura ya nje ya Land Rover haionyeshi hali yake halisi. Bodi iliyokunjamana hurekebishwa kwa gharama ndogo, lakini chasisi iliyoliwa na kutu chini ya bodi yenye rangi mpya inaweza kugharimu kuliko bei ya gari lenyewe, tena inahatarisha maisha ya watu walio ndani.

## Historia

Land Rover ya kwanza ilibuniwa na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, ikaonyeshwa rasmi kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza, ilhali alumini ilipatikana. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa mabati ya aloi ya alumini, na chasisi ikatengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa kuwa mihimili yenye uwazi ndani.

Series II ilianza mwaka 1958, IIA mwaka 1961 na III mwaka 1971. Magari haya yote yalikuwa na springi za mabamba. Mwaka 1983 ilitokea Land Rover 110 yenye springi za mzunguko, na mwaka uliofuata ikaja 90. Jina Defender lilianza kutumika mwaka 1990. Gari la mwisho la mfululizo huo lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Katika Afrika Mashariki magari haya yalitumiwa na serikali, polisi, misheni, hifadhi za wanyama na makampuni ya utalii. Nchini Kenya yaliunganishwa pia katika mji wa Thika. Ndiyo sababu magari mengi ya zamani na vipuri vyake bado yanapatikana katika eneo hili.

## Kuchagua gari

Mnunuzi wa gari lililoharibika huanza kwa kutazama mambo matatu kabla ya kuuliza habari za injini.

Chasisi. Kutu huanza ndani ya mihimili, ambako maji na matope hukaa bila kuonekana. Fundi hulala chini ya gari na kugonga chuma kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito, au nyundo hupenya. Sehemu za kuangalia kwanza ni mhimili wa nyuma kabisa, ncha za mbele zinazobeba springi, mahali springi za nyuma zinaposhikwa, na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Lami nyeusi iliyopakwa upya chini ya gari inaweza kuwa kinga ya kweli au kificho cha matundu, kwa hiyo hukwanguliwa kidogo kabla ya kuaminiwa.

Unyoofu. Gari lililopinduka au kugongwa linaweza kuwa na chasisi iliyopinda. Gari huwekwa kwenye sakafu tambarare, kisha hupimwa kwa utepe kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vinapaswa kulingana. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hupimwa pia pande zote mbili: kwa gari fupi la Series II na III ni inchi 88 (sentimita 223.5), na kwa gari refu ni inchi 109 (sentimita 277).

Hati. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma inapaswa kufanana na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Gari lisilo na namba, au lenye namba iliyofutwa, linaweza kuwa la wizi hata kama muuzaji mwenyewe hajui. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2017, magari yaliyofutwa na makampuni ya bima hugawanywa katika makundi A, B, S na N. Ya A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani. Ya S yana uharibifu wa muundo unaoweza kutengenezwa, na ya N hayana uharibifu wa muundo. Anayeagiza gari la mtumba kutoka huko hunufaika kwa kujua kundi lake.

## Mpangilio wa kazi

Kosa la kawaida ni kuanza na injini, kwa sababu kusikia gari likiwaka huleta furaha. Mpangilio ulio salama zaidi ni chasisi kwanza, kisha breki, usukani, injini na giaboksi, umeme, na mwisho bodi. Gari lisilowaka husimama tu gereji, lakini gari linalowaka bila breki linaweza kuua.

### Chasisi

Sehemu iliyooza hukatwa hadi kufikia chuma kizima, kisha huchomelewa bamba jipya lenye unene unaolingana na wa zamani. Kubandika bamba juu ya kutu hakusaidii, kwa kuwa kutu huendelea kula chini yake. Kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta huondolewa na betri hufunguliwa nyaya. Chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu kikichomelewa. Zinki hukwanguliwa kwanza, na kazi hufanywa mahali penye hewa ya kutosha. Baada ya kuchomelea, ndani ya mihimili hunyunyiziwa nta au oili nzito. Kama uozo umeenea sana, chasisi nzima hubadilishwa. Zipo mpya zilizochovywa kwenye zinki.

### Breki

Magari mengi ya mwanzo yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote za mguu hupotea kwa mara moja. Kwa hiyo katika gari lililokaa muda mrefu mabomba, mipira na silinda za magurudumu hubadilishwa zote, hata zile zinazoonekana nzima. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, hivyo yaliyokaa miaka humwagwa.

Vitambaa vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani. Ngoma za breki hazipulizwi kwa kompresa. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa.

Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda ekseli ya nyuma. Kwa sababu hiyo gari linaweza kuteleza likiwa limepigwa jeki gurudumu moja la nyuma, na shafti hiyo ikiondolewa breki ya mkono haishiki kitu. Fundi huweka vigingi kwenye magurudumu kabla ya kupiga jeki, na hategemei jeki peke yake anapoingia chini ya gari.

### Usukani

Mchezo mkubwa wa usukani mara nyingi ni jumla ya michezo midogo katika viungio kadhaa. Mtu mmoja hutikisa usukani huku mwingine akitazama chini kila kiungio. Vilivyolegea hubadilishwa. Magari ya Series yana kifaa kinachopokezana mwendo wa usukani, kilichopachikwa mbele ya chasisi, ambacho ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu. Kikifunguliwa bila tahadhari, springi hurushwa nje na inaweza kumjeruhi vibaya aliye karibu.

### Injini

Injini iliyoganda haizungushwi kwa nguvu ya kuvutwa na gari lingine. Plagi au nozeli hufunguliwa, oili nyepesi humiminwa ndani ya silinda na kuachwa siku kadhaa, kisha injini huzungushwa taratibu kwa mkono. Magari ya Series yana hendeli ya mbele inayofaa kwa kazi hiyo.

Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza mwaka 1958, ina mnyororo wa taimingi na huvumilia matunzo duni. Wengi huiondoa na kuweka injini ya dizeli ya 200Tdi ya lita 2.5, inayotolewa kwenye Land Rover Discovery ambazo bodi zake zimeoza. Injini hii ina mkanda wa taimingi wa mpira. Mkanda usiojulikana umri wake hubadilishwa kabla ya injini kuwashwa, kwa kuwa ukikatika huharibu valvu na sehemu zinazozisukuma.

### Giaboksi na ekseli

Katika magari ya Series, magurudumu ya mbele huunganishwa kwa kubonyeza kirungu cha njano. Kirungu chekundu huleta gia nzito, na huunganisha magurudumu yote manne chenyewe. Kwa kuwa hakuna difu ya katikati, uendeshaji wa magurudumu manne hautumiwi kwenye lami kavu. Ukitumiwa hukaza gia na kula matairi. Land Rover 110 na Defender huendesha magurudumu yote manne muda wote, na difu ya katikati hufungwa gari linapoingia kwenye utelezi.

Udhaifu unaojulikana wa Series ni shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, ambazo hukatika zikipewa mzigo wa ghafla. Gurudumu halidondoki, kwa kuwa hushikwa na habu na siyo na shafti. Vipande vikiondolewa, gari linaweza kurudi polepole likivutwa na magurudumu ya mbele. Madereva wa mbali hubeba shafti za akiba.

### Umeme na bodi

Hitilafu nyingi za umeme hutokana na waya wa hasi kutogusa chuma kisafi, hivyo viungio vyake husuguliwa kabla ya kununua kifaa kipya.

Mabati ya alumini hunyooshwa kwa nyundo ya mbao au hubadilishwa, na hufungwa kwa ribiti na boliti. Pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Rangi au kipande cha mpira huwekwa katikati kuzitenganisha.

## Maandalizi ya njia mbaya

Maandalizi yenye faida kubwa si ya gharama kubwa. Matairi mazuri, ya kipimo cha 7.50-16 kwa gari refu, husaidia kuliko taa za ziada na mapambo. Kwenye mchanga upepo hupunguzwa ili tairi litandaze, kisha hujazwa tena kabla ya kurudi barabarani.

Kwa vivuko vya maji, mabomba ya kupumulia ya ekseli hupandishwa juu, na kizibo maalumu huwekwa chini ya nyumba ya klachi. Kizibo hicho huondolewa baada ya safari ili oili inayovuja isifike kwenye klachi. Maji yakiingia ndani ya silinda injini inapozunguka, hupinda vyuma vya pistoni, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa.

Kulabu za kuvutia hufungwa kwenye chasisi yenyewe. Kulabu iliyofungwa kwenye bampa au mhimili uliooza inaweza kung'oka na kuruka kama risasi. Kuinua gari kwa springi ndefu huongeza nafasi chini yake, lakini pia hulifanya lipinduke kwa urahisi. Paa la alumini haliwezi kubeba uzito wa gari lililopinduka. Anayekwenda kwenye miteremko mikali hufunga fremu ya mabomba ya chuma iliyoshikizwa kwenye chasisi, pamoja na mikanda ya usalama.

## Afrika Mashariki

Vipuri na mafundi wa magari ya zamani hupatikana katika maeneo kama Gerezani jijini Dar es Salaam na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mafundi wa jua kali huchonga bushi, huchomelea chasisi na kuunganisha sehemu za magari mawili au matatu kuwa gari moja. Ujuzi huo kwa kawaida hupitishwa kwa vitendo kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi. Mwaka 2024 jiji la Arusha lilifanya tamasha la Land Rover, ambako magari ya zamani na mapya yalikusanyika pamoja.

Gari lililounganishwa kutoka magari kadhaa linahitaji hati zinazoeleza injini na chasisi yake, na ukaguzi wa breki na usukani kabla ya kubeba abiria. Katika vijiji ambako Land Rover ndiyo humfikisha mgonjwa hospitalini wakati wa mvua, tofauti kati ya gari lililotengenezwa na gari lililopakwa rangi tu huonekana mara nyingi kwenye mteremko wa kwanza.

## Tazama pia

* Land Rover
* Jua kali
* Kutu
* Breki
* Injini ya dizeli