Damu Inapotuama: Somo la Moyo Kutoka Kampala na Framingham

Hebu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Yanafuatana kwa mpangilio? Basi vyumba vya juu vya moyo wako, yaani atria, vinafanya kazi yao: vinaminya kwa pamoja na kusukuma damu iende vyumba vya chini.

Kuna mioyo ambayo atria zake haziminyi, zinapapatika tu. Hali hiyo huitwa mpapatiko wa atria, na mapigo yake huwa shaghalabaghala. Lakini hatari yake kubwa haiko kwenye mapigo yenyewe. Kama unatoka Ngara, umeuona mto Kagera pale Rusumo: maji yanayoporomoka hayaachi tope. Nenda kwenye mafunjo, maji yanakopumzika, ndiko tope linakotuama. Damu nayo ikizubaa huganda, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa atria ya kushoto. Bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, hapo ni kiharusi.

Tumeyajuaje haya? Turudi mwaka 1948, katika miji miwili iliyo mbali kabisa.

Mji wa kwanza ni Kampala. Mwaka huo daktari wa patholojia J.N.P. Davies alichapisha katika East African Medical Journal maelezo ya mioyo aliyoipasua baada ya wagonjwa kufariki. Ukuta wa ndani ulikuwa na kovu nene. Katika ugonjwa huo vyumba vya chini hushindwa kutanuka, atria hufura, mapigo huweza kuvurugika, na mabonge ya damu hujishikiza ndani ya moyo. Na wagonjwa walikuwa akina nani? Mwaka 1965 A.G. Shaper na mwenzake walionyesha kwamba wenye asili ya Rwanda na Burundi walikuwa wengi kupita kiasi. Kumbuka, zama za ukoloni watu wa huko, pamoja na wa magharibi mwa Tanganyika, walikwenda Buganda kutafuta kibarua kwenye pamba na kahawa. Ni majirani zetu hao, na pengine babu zetu. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitishwa mpaka leo.

Mji wa pili ni Framingham, Marekani. Mwaka huohuo wa 1948 watafiti walianza kufuatilia wakazi 5,209, mwaka baada ya mwaka. Miaka 30 baadaye, 1978, Philip Wolf na wenzake walitoa hesabu: mwenye mpapatiko wa atria alikuwa na hatari ya kiharusi mara 5 zaidi. Kama alikuwa pia na vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni, hatari ilifika mara 17.

Shika hiyo 17, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sana. Ugonjwa huo wa vali umepungua mno Ulaya na Marekani, ila kwetu bado upo, na unawapata vijana.

Dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda ni warfarin. Asili yake ni ng'ombe wa Kanada na Marekani waliovuja damu miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyooza. Ni dawa nzuri, lakini ikizidi unavuja damu, ikipungua damu inaganda, kwa hiyo lazima upimwe INR mara kwa mara. Zikaja dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, na wengi tukadhani shida ya vijijini imekwisha.

Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS ukaleta jibu lisilotarajiwa. Wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24, wenye wastani wa miaka kama 50, wote walikuwa na mpapatiko pamoja na ugonjwa huo wa vali. Waliotumia warfarin na jamii yake walifariki wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroxaban.

Unaona maana yake? Kwa mgonjwa wa namna hii, mashine ya INR kuwa karibu na Ngara au Biharamulo ni suala la kufa na kupona. Dawa mpya haiondoi haja hiyo.

Kwa hiyo bibi akikuambia moyo unamwenda kombo, usimwambie ni uzee. Mshike mkono, hesabu. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, mpeleke akapimwe ECG. Na kama tayari anatumia dawa hizi, asiziache wala kuzibadilisha bila daktari.