Ng'ombe wa Dada, Njia ya Kaka

Watu wengi hudhani kwamba kijana huondoka kwao kwa shauri lake mwenyewe, au kwa amri ya baba yake. Historia ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, yatufunza jambo jingine: mara nyingi aliyemfungulia njia alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Zamani, mvulana akiisha kutahiriwa hakulala tena nyumbani mwa mama yake. Alihamia esaiga, nyumba ya vijana, na baadaye akaenda egesarate, yaani boma la ng'ombe ambako vijana walilinda mifugo isitekwe na maadui. Huko aliwakuta kaka zake waliomtangulia. Lakini kutoka huko hakukumpa mji wake mwenyewe. Ili aoe alihitaji ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao aliwapata kwa dada yake.

Desturi ilikuwa hivi. Binti alipoolewa, ng'ombe walioletwa na wakwe waliwekwa kwa ajili ya ndoa ya ndugu yake wa kiume, wa nyumba ile ile ya mama. Wavulana walioa kwa zamu, mkubwa kwanza. Asiyekuwa na dada alingoja, au alikopa ng'ombe wa nyumba ya mama mwingine, na deni hilo halikusahauliwa. Basi dada alipotoka, ndipo kaka alipoweza kujenga.

Kifungo hiki kilikuwa na uchungu wake. Dada akiteswa kwa mumewe na kutaka kurudi, ng'ombe walipasa kurudishwa. Na ng'ombe wale walikwisha kutolewa kwa wakwe za kaka. Hivyo yule aliyempenda dada yake kuliko wote ndiye aliyekuwa na sababu kubwa ya kumsihi avumilie.

Waingereza walipoweka kituo chao Kisii mwaka 1907, mambo yalianza kugeuka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na yapata mwaka 1912 serikali ilizifuta egesarate. Katika miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yalifunguliwa Kericho, nao vijana wa Kisii wakaenda kutafuta mshahara. Kijana aliyetangulia alipata mahali pa kulala na kujua msimamizi. Mdogo wake aliyemfuata alikuta njia imekwisha kukanyagwa. Sasa mtu aliweza kupata ng'ombe kwa jasho lake pasipo kungoja dada aolewe. Hata hivyo mahari nayo ilipanda, na Robert na Barbara LeVine, wataalamu wa Marekani waliofanya utafiti Nyansongo katika miaka ya 1955 hadi 1957, waliikuta desturi ya ng'ombe wa dada ingali hai.

Siku hizi jambo linalowabana ndugu ni ardhi. Shamba la baba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata likawa vipande vyembamba vinavyoshuka mlimani. Tangu miaka ya 1960 jamaa wengine walihamia Borabu, katika ardhi iliyokuwa ya walowezi. Wengine huenda Nairobi au Mombasa. Kaka mkubwa akiondoka, humwachia mdogo wake nafasi ya kulima. Akikataa kuondoka, huenda mdogo ndiye atakayefunga mzigo.

Na dada je? Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981, pamoja na Katiba ya 2010, zimempa binti haki ya kurithi kama ndugu zake. Wapo wanaume wanaonung'unika, wakisema kwamba binti ana kwake alikoolewa. Lakini msomaji na ayapime haya: ikiwa babu zetu walioa kwa ng'ombe walioletwa na dada zao, na shamba likapata mama na watoto kwa sababu hiyo, yawezekanaje dada kuitwa mgeni katika shamba hilo?