Kiungo cha mpira wa hewa (uzamiaji wa maji baridi)

Kiungo cha mpira wa hewa huunganisha mpira wa shinikizo la chini, utokao kwenye regulata ya mtungi, na valvu ya kujazia jaketi la kuelea au suti kavu. Mzamiaji huvuta pete ya kiungo nyuma, hukisukuma kwenye ncha ya valvu, kisha huiachia pete ijifunge. Shinikizo la hewa iliyomo mpirani huzidi la maji yanayomzunguka mzamiaji kwa baa 9 hadi 10 hivi.

Katika maji kama ya mpasuko wa Silfra, Aisilandi, yenye nyuzijoto 2 hadi 4 mwaka mzima, hewa inayotoka kwa kasi hupanuka na kupoa zaidi. Unyevu huganda, valvu hunasa ikiwa wazi, na suti hujaa yenyewe. Mzamiaji hupaa bila kutaka, jambo linaloweza kupasua mapafu. Dawa yake ni kuchomoa mpira mara moja huku akitoa hewa kwa valvu ya kutolea. Kusema ni rahisi: vidole vyenye ganzi, ndani ya glavu nene, huteleza juu ya pete ndogo ya chuma. Ndiyo maana zoezi la kuchomoa lifanywe kwa glavu zilezile za kuzamia, si kwa mikono mitupu.

Kiungo hukaushwa kabla ya kuunganishwa, kitufe cha valvu ya kujazia hakibonyezwi ovyo nchi kavu penye baridi kali, na hewa hujazwa kidogo kidogo. Kiungo kikigoma kuingia, mara nyingi ni kwa sababu mtungi umeshafunguliwa na mpira una shinikizo.