Malezi ya Vijana Kabla ya Mlango wa Gereza: Historia Fupi ya Kampala

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Kijana hafiki mlango wa gereza kwa siku moja. Huanza kwa kutoroka chuo au shule, kisha hufuata marafiki wabaya, kisha mkono wake hugusa kitu cha jirani. Katika kila hatua ipo nafasi ya mtu mzima kusimama mbele yake na kumrudisha. Yapasa basi ifahamike ni nani waliosimama mahali hapo katika mji wa Kampala, na ni nani apasaye kusimama leo.

Mfano mwema umo katika hadithi iliyopokewa na Abu Umama. Kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamwita karibu, akamketisha, akamwuliza kama angeridhia mama yake atendewe hivyo, au binti yake, au dada yake, au shangazi yake. Kila mara kijana alikataa. Mtume akamwekea mkono, akamwombea dua, na tangu hapo kijana hakuligeukia tena jambo lile. Dhambi haikuhalalishwa, wala kijana hakufukuzwa.

Katika Buganda ya kale mtoto alikuwa wa ukoo mzima. Wavulana walipelekwa kulelewa kwa jamaa au kwa machifu, na baadhi yao waliingia katika jumba la Kabaka, wakatumika huku wakifunzwa adabu. Mji ulipokua, mitaa kama Kisenyi na Katwe ikajaa watu waliotoka mbali bila ya wazee wao. Tena, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni, wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao kubadilishwa dini. Vijana wengi wakaingia katika biashara ya nyama na katika udereva, na huko fundi ndiye aliyekuwa mlezi wa mwanagenzi wake. Mwaka 1944 ikaundwa Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda. Naye Mwanamfalme Badru Kakungulu akatoa ardhi ya Kibuli, pakajengwa msikiti na shule. Kazi ile ilikuwa ya elimu, nayo ilikuwa kinga pia, maana kijana mwenye mwalimu anayelijua jina lake hapotei kimya kimya.

Serikali ya kikoloni kwa upande wake ilifungua shule ya maadilisho huko Kampiringisa, upande wa Mpigi. Lakini mtoto apelekwaye huko amekwisha kukosa, na hutengwa na jamaa zake. Mwaka 1963 Uganda ilipata sheria ya probesheni, ambayo humwacha mkosaji nyumbani chini ya uangalizi. Fikra hiyo ina asili ya mbali: mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu John Augustus alimdhamini mlevi mahakamani, akamwangalia mpaka akarekebika.

Hatua kubwa zaidi ilifuata mwaka 1996, ilipopitishwa Sheria ya Watoto. Iliweka miaka 12 kuwa umri wa chini wa mtoto kushtakiwa. Makosa madogo, kama wizi, ugomvi na kuharibu mali, yalipewa baraza la kijiji lisikilize. Baraza haliwezi kumtia mtoto kizuizini. Laweza kupatanisha, kuamuru fidia, kuomba radhi au kuonya. Tena laweza kumweka mtoto, kwa muda usiozidi miezi 6, chini ya uongozi na nasaha za mtu liliyemteua.

Mabaraza hayo, hata hivyo, yalikaa bila ya uchaguzi tangu mwaka 2001 hadi 2018, na uhalali wao ukatiwa shaka. Uchaguzi ulirudi, lakini sheria yaweza tu kutaja mtu wa kuteuliwa, haiwezi kumzaa. Akikosekana, kijana aliyeiba simu huachiwa polisi, au hasira ya watu wa mtaani ambayo mara nyingine huua.

Mkono mmoja haulei mwana. Kila msikiti wa Kampala una imamu, walimu, mafundi na wafanyabiashara. Baraza likiuliza ni nani atakayemchukua kijana huyu kwa miezi 6, jawabu litoke katika safu za swala. Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana na awape walezi wema. Amin.